Mwanzo wa Africa Inland Church Nzaui na Kukua Kwake Makueni na Kitui

Africa Inland Church, ambalo wengi hulitaja kwa herufi zake AIC, ni mojawapo ya makanisa makubwa ya Kiprotestanti nchini Kenya. Chimbuko lake ni Nzaui, katika Kaunti ya Makueni, ambako kundi dogo la wamisionari wa Africa Inland Mission lilifika tarehe 12 Desemba 1895. Kutoka hapo kazi ilienea hadi Kilungu, Kangundo, Machakos, Mbooni na Mukaa, ikavuka Mto Athi na kuingia Kitui, kisha ikatoka Ukambani kwenda Kijabe, Tanganyika, Kongo na Uganda. Mpango wenyewe ulibuniwa Marekani, na miaka minne haikupita kabla haujakaribia kufa. Ulioufufua na kuukuza ni mkono wa wenyeji waliojifunza kusoma, wakafundisha wenzao, wakajenga shule na makanisa katika vijiji vyao.

Ukambani kabla ya 1895

Katika karne ya 19 Wakamba walijulikana kote kati ya pwani na Mlima Kenya kama wafanyabiashara wa misafara. Waliteremka Mombasa na Rabai na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Dini yao ilimtambua Mulungu muumba, na maombi ya mvua na shukrani za mavuno zilipelekwa mathembo, yaani mahali patakatifu penye miti mikubwa isiyokatwa. Roho za wahenga, aimu, zilikumbukwa kwa matambiko ya nyumbani. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na wazee katika nzama, na kesi nzito zilimalizwa kwa kiapo cha kithitu.

Mmisionari wa kwanza kufika Kitui alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumikia Church Missionary Society kutoka kituo cha Rabai. Mwaka 1849 alikaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, na akiwa huko ndipo alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Mwaka uliofuata Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani, kutokana na kazi yake. Krapf alirudi mwaka 1851 akitaka kuweka kituo cha kudumu, lakini msafara wao ulivamiwa karibu na Mto Tana. Kivoi aliuawa, na Krapf akarejea pwani akiwa taabani kwa njaa na kiu. Baada ya hapo Ukambani ulikaa karibu miaka 40 bila mmisionari.

Waliofuata walikuwa Walutheri wa Ujerumani. Chama cha Hersbruck cha Bavaria kilianza kazi miongoni mwa Wakamba wa Jimba, karibu na Rabai, mwaka 1886. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kituo cha Ikutha, kusini mwa Kitui, kilifunguliwa, kisha kazi hiyo ikachukuliwa na Misheni ya Leipzig, na kituo cha Mulango, karibu na mji wa Kitui, kikaanzishwa mwaka 1899. Wakati huohuo Waskoti walikuwa wamefika Kibwezi, katika Makueni ya leo. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1891 chini ya Dkt. James Stewart kwa fedha za wakurugenzi wa kampuni ya Imperial British East Africa. Malaria iliwasumbua sana Kibwezi, na mwaka 1898 kazi hiyo ilihamishiwa Ukikuyu, ikawa shina la kanisa la Presbyterian la Kenya.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa imeanza kuweka miguu. Kampuni ilijenga ngome Machakos mwaka 1889, na John Ainsworth akasimamia kituo hicho kuanzia 1892. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza eneo lote kuwa himaya yake. Hivyo wamisionari wa Africa Inland Mission walifika katika nchi ambayo utawala mpya haujakaa sawasawa, reli haijaanza kujengwa, na kila gunia la mzigo lilisafiri kichwani mwa mpagazi.

Peter Cameron Scott na wazo la Philadelphia

Mwanzilishi wa misheni hiyo, Peter Cameron Scott, alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1867. Alikuwa bado mtoto familia yake ilipohamia Philadelphia, Marekani. Alijaliwa sauti nzuri na akasomea uimbaji kwa nia ya kufanya kazi ya jukwaani, lakini akaiacha njia hiyo na kujiunga na chuo cha A. B. Simpson, New York, kilichofunza wamisionari. Mwaka 1890 aliwekewa mikono, na muda mfupi baadaye akaenda Kongo.

Kongo ilimpa jeraha la kwanza. Ndugu yake John, aliyemfuata huko kusaidia kazi, alikufa, na Peter akamzika kwa mikono yake mwenyewe. Yeye naye aliugua sana, akalazimika kuondoka mwaka 1892 na kwenda Uingereza kupata nafuu. Akiwa London alilitembelea kaburi la David Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey. Maneno ya Injili ya Yohana yaliyochongwa pale, yanayowataja kondoo wengine wasio wa zizi hili, yalimrudishia azma ya kwenda Afrika.

Scott alikuwa na wazo la kujenga mnyororo wa vituo vya misheni kuanzia Mombasa, kupita bara, hadi Ziwa Chad. Makanisa ya wakati huo yalifanya kazi zaidi pwani na kandokando ya mito mikubwa, na sehemu za ndani hazikuwa na wahubiri. Mkakati huo ulilenga pia kufika bara kabla ya Uislamu kuenea huko kutoka kaskazini na pwani. Rafiki zake wa Philadelphia, akiwemo Charles Hurlburt, waliunda baraza la kuwaunga mkono watakaotumwa, na mwaka 1895 Africa Inland Mission ikazaliwa.

Misheni hiyo ilifuata mfano wa China Inland Mission ya Hudson Taylor. Haikuwa mali ya dhehebu moja, haikuahidi mishahara, na ilitegemea maombi na sadaka za hiari. Utaratibu huo uliacha alama kubwa Ukambani. Misheni isiyokuwa na hazina haikuweza kujenga kila shule wala kumlipa kila mwalimu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo iliwaangukia waumini wenyewe tangu siku za awali.

Mwaka mmoja Nzaui

Kundi la kwanza liliondoka New York tarehe 17 Agosti 1895. Lilikuwa na Scott mwenyewe, dada yake Margaret, Frederick Krieger, Willis Hotchkiss, Lester Severn, Minnie Lindberg na Bertha Reckling, na Walter Wilson alijiunga nao njiani kutoka Uingereza. Walifika pwani ya Afrika Mashariki mwezi Oktoba. Kutoka Mombasa msafara wao ulikwenda kwa miguu, ukivuka nyika kavu ya Taru na kupita Kibwezi, hadi vilima vya Ukambani.

Nzaui ni kilima cha mwamba kinachoonekana kutoka mbali katika nchi ya Makueni, na kwa wapitao njia ya misafara kilikuwa alama ya kuwa Ukambani wenyewe umefikiwa. Hapo ndipo Scott alipokaa. Kazi ya miezi ya kwanza ilikuwa ya mikono zaidi kuliko ya mimbari. Walikata miti, wakajenga nyumba, wakapanda chakula, wakatibu vidonda na homa za majirani, na kila siku wakakusanya maneno ya Kikamba kutoka midomoni mwa waliokuja kuwatazama. Lugha ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa vitabu vilivyokuwepo vilikuwa vichache na vya lahaja za upande wa Kitui na pwani.

Ndani ya mwaka mmoja vituo vilifika vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Wazazi wa Scott na dada yake mdogo, Ina, nao walifika mwaka 1896 na kujiunga na kazi. Scott alizunguka bila kupumzika kati ya vituo hivyo na kutafuta mahali pa vingine, na inakadiriwa kwamba alitembea kilomita zaidi ya 4,000 katika muda huo mfupi.

Mwili haukustahimili. Mwishoni mwa 1896 alishikwa na homa ya maji meusi, ambayo ni tatizo kali la malaria. Chembe nyekundu za damu huvunjika kwa wingi, mkojo hugeuka rangi ya kahawa iliyokolea, na figo hushindwa kufanya kazi. Wakati ule hakuna aliyekuwa amethibitisha hata kwamba malaria huenezwa na mbu; ugunduzi wa Ronald Ross ulikuja Agosti 1897. Scott alifariki tarehe 4 Desemba 1896, siku chache kabla ya misheni kutimiza mwaka mmoja Nzaui. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Njaa ya Ngomanisye na misheni iliyobaki na mtu mmoja

Kifo cha mwanzilishi kilifuatwa na vingine. Baadhi ya wenzake walikufa kwa homa, wengine walirudi kwao wakiwa wagonjwa, na wengine wakajiuzulu. Familia ya Scott nayo iliondoka. Kufikia 1899 mmisionari mmoja tu wa Africa Inland Mission, William Gangert, ndiye aliyekuwa amebaki kazini.

Wakati huo Wakamba wenyewe walikuwa katika msiba mkubwa zaidi. Kati ya 1897 na 1900 mvua ilikosekana kwa misimu mfululizo. Njaa hiyo inakumbukwa kwa jina la Yua ya Ngomanisye. Ilikuja baada ya sotoka kuua ng'ombe wengi, na ndui ikaingia katika miili iliyokwisha kudhoofika. Familia nyingi zilihamia Ukikuyu kutafuta chakula, wengine wakaweka watoto wao kwa jamaa na marafiki wa mbali ili waponee. Reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud na kufika Nairobi mwaka 1899. Mahitaji ya vibarua wake yaliongeza bei ya nafaka, lakini reli hiyohiyo ndiyo iliyoleta mchele wa msaada, na vituo vya misheni na vya serikali vikawa mahali pa kugawia.

Njaa hiyo ilibadilisha uhusiano wa misheni na majirani zake. Kabla yake, wageni wa Nzaui na Kangundo walikuwa watu wa kustaajabiwa tu. Baada yake, wapo watoto yatima waliolelewa kituoni, na zipo familia zilizokumbuka kwamba zilikula pale. Miongoni mwa waliolelewa hivyo walitoka baadhi ya wanafunzi wa kwanza wa kusoma.

Hurlburt na kuanza upya

Charles Hurlburt alikuja kuitazama hali mwaka 1898 akiwa kiongozi wa misheni upande wa Marekani. Wengine wangeshauri kazi ifungwe. Yeye aliamua kuihamia: mwaka 1901 alifika na mkewe na watoto wao watano, wakakaa Kangundo. Mwaka 1902 kituo cha Machakos kilianzishwa karibu na makao ya serikali, na kanisa la AIC Bomani mjini Machakos ni zao la kazi hiyo.

Mwaka 1903 makao makuu yalihamishwa kutoka Ukambani kwenda Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa. Sababu zilikuwa mbili: hewa ya baridi isiyo na malaria nyingi, na stesheni ya reli. Rift Valley Academy, shule ya watoto wa wamisionari, ilianza huko mwaka 1906, na Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi la jengo lake kuu tarehe 4 Agosti 1909 alipokuwa safarini Afrika Mashariki baada ya kumaliza urais wa Marekani. Hospitali ya Kijabe ilifuata mwaka 1915.

Kutoka Kijabe ule mnyororo wa Scott ulianza kuonekana, ingawa haukufuata ramani yake. Mwaka 1909 misheni ilipokea kituo cha Nassa, karibu na Ziwa Victoria, kutoka kwa Church Missionary Society, na huo ukawa mwanzo wa Africa Inland Church Tanzania, lenye nguvu hasa Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1912 iliingia kaskazini-mashariki mwa Kongo, mwaka 1918 West Nile ya Uganda, na mwaka 1924 nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Asomi wa Ukambani

Makao makuu yalipohama, Ukambani haukuachwa. Vituo vya Mbooni na Mukaa vilifunguliwa katika vilima vya Makueni, na kila kituo kilikuwa na shule. Waliohudhuria waliitwa asomi, wasomaji, na kwa muda mrefu katika vijiji vya Ukambani jina hilo lilimaanisha pia Wakristo. Mtu hakubatizwa kwa kusema tu kwamba ameamini. Alipitia darasa la katekisimu, akajifunza kusoma Injili mwenyewe, na mwenendo wake ukaangaliwa kwa miezi au miaka.

Mwanzoni wazee wengi waliona shule kuwa mahali pa kupoteza vijana. Kijana aliyekwenda kituoni hakuchunga mifugo, na aliyebatizwa alikataa kushiriki tambiko la ithembo, pombe ya mkutano wa wazee na ngoma za vijana wenzake. Misheni ilidai pia kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka abaki na mmoja. Kwa hiyo kundi la kwanza la waumini lilikuwa dogo na la watu waliokuwa tayari kugharamika.

Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kodi ya nyumba, kipande (kitambulisho cha kazi) na barua za serikali vilifanya elimu kuwa kinga. Aliyejua kusoma aliweza kuhakikisha risiti yake ya kodi, kuandikia jamaa aliyeko Nairobi au Mombasa, na kupata kazi ya karani au fundi badala ya kubeba mizigo. Katika miaka ya 1920 vijiji vilianza kuomba walimu kuliko misheni ilivyoweza kutoa.

Utaratibu wa shule hizo za vijijini unaonyesha vizuri jinsi kanisa lilivyokua. Wazazi walitoa kiwanja, wakakata miti, wakakandika udongo na kuezeka nyasi. Misheni ilituma mwalimu, mara nyingi kijana aliyesoma kituoni miaka michache tu. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa watoto na watu wazima walikaa kwenye magogo wakifuata herufi ubaoni, kisha silabi, kisha aya za Injili. Jumapili ubao uligeuzwa ukutani na jengo hilohilo likawa kanisa, na mwalimu yuleyule akahubiri, akaongoza nyimbo na kukusanya sadaka. Mmisionari alifika kwa zamu, labda mara moja kwa miezi kadhaa, kuwahoji wanaotaka kubatizwa. Makanisa mengi ya AIC ya Makueni na Kitui yalianza hivyo, na katika vijiji vingi shule ya msingi na kanisa bado vimepakana.

Mulango na upande wa Kitui

Ng'ambo ya Mto Athi, Kitui ilikuwa mikononi mwa Walutheri wa Leipzig hadi Vita vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914. Wamisionari wa Kijerumani walihesabiwa kuwa raia wa adui na kuondolewa vituoni. Kazi yao ya Ukambani ilipita kwa Africa Inland Mission, na Mulango ikawa kituo kikuu cha Kitui. Waumini wachache waliobatizwa na Walutheri waliingia katika utaratibu mpya, wakiwa na vitabu vya Kikamba na desturi za ibada walizokwisha kuzizoea.

Kitui ilikuwa kubwa, kavu na yenye vijiji vilivyotawanyika, na kanisa lilienea huko polepole kuliko katika vilima vya Mbooni na Kilungu. Hata hivyo Mulango ilijenga jina lake kwa elimu, na Shule ya Upili ya Wasichana ya Mulango ni sehemu ya urithi huo.

Mtoto mashuhuri kuliko wote wa Mulango ni John Samuel Mbiti, aliyezaliwa huko mwaka 1931 na kulelewa katika mazingira ya Africa Inland Mission. Alisoma Alliance High School, Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti ikiwemo Africa Inland Mission. Kutoka hapo alikwenda Makerere, Marekani na Cambridge, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1963, na baadaye akawa kasisi wa Anglikana. Kitabu chake cha 1969, *African Religions and Philosophy*, kilifundisha vyuo vikuu duniani kwamba dini za Waafrika zinastahili kuchunguzwa kwa heshima. Utafiti wake mwingine, uliochapishwa mwaka 1971, ulichunguza jinsi mafundisho ya Africa Inland Mission kuhusu siku za mwisho yalivyopokelewa na Wakamba, ambao lugha na mila zao zina namna yake ya kufahamu wakati. Alionyesha kwamba wamisionari walihubiri kana kwamba wasikilizaji hawakuwa na dini yoyote kabla yao, na kwamba pengo hilo liliwaletea waumini utata mwingi. Mbiti alifariki Uswisi mwaka 2019.

Biblia kwa Kikamba

Tangu Injili ya Marko ya Krapf, kila misheni iliyofika Ukambani ilitafsiri sehemu fulani ya Maandiko. Walutheri wa Ikutha na Mulango walitoa Injili na vitabu vya ibada. Africa Inland Mission iliendeleza kazi hiyo kwa Kikamba cha Machakos na Makueni. Agano Jipya lote lilichapishwa mwaka 1920, na George Rhoad, mmisionari wa Africa Inland Mission, alikuwa miongoni mwa waliobeba kazi hiyo. Biblia nzima ilitoka mwaka 1956.

Nyuma ya kila tafsiri walikuwepo Wakamba waliokaa na wamisionari siku baada ya siku, wakisikiliza sentensi, wakisahihisha, wakipendekeza neno lenye uzito unaofaa. Majina yao hayakuandikwa kwenye jalada, lakini lugha iliyomo ni yao. Biblia hiyo ndiyo iliyowafanya Wakamba wa Kitui na wa Makueni kusoma kwa maandishi yanayofanana, na kwa nyumba nyingi ilikuwa kitabu cha kwanza na cha pekee. Mbiti naye alirudi kwenye kazi hiyo uzeeni, akatafsiri Agano Jipya moja kwa moja kutoka Kigiriki, na tafsiri yake ikatoka mwaka 2014.

Migawanyiko na makanisa mapya

Ukuaji ulileta pia malalamiko. Baadhi ya viongozi wa Africa Inland Mission waliogopa kwamba ruzuku ya serikali ingeifanya shule isahau Injili, kwa hiyo walisitasita kuipokea na kupanua masomo ya juu. Wazazi wa Ukambani waliona shule za misheni nyingine zikisonga mbele huku watoto wao wakiishia madarasa ya chini. Pamoja na hilo, uamuzi wote mkubwa ulibaki kwa wamisionari, hata pale makanisa yalipojengwa, kulipiwa na kuendeshwa na Waafrika.

Katikati ya miaka ya 1930 Rhoad alijitenga na misheni na kuanzisha Gospel Furthering Fellowship. Wakamba kadhaa walimfuata, na kazi hiyo ikazaa Good News Church of Africa. Mwaka 1945 Simeon Mulandi na wenzake walianzisha African Brotherhood Church, kanisa la Waafrika lililoweka makao yake Mitaboni, Machakos. Lilivuta waumini wengi kutoka Africa Inland Mission, kwa sababu lilitoa vitu viwili vilivyokuwa vikidaiwa: uongozi wa wenyeji na elimu bila kusitasita.

Miongo iliyofuata ilileta mengine. Wakatoliki, Wapentekoste na makanisa huru yalijenga kila tarafa. Hata Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, linalojulikana kama la Wamormoni, lilipata waumini katika Makueni. Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830, na wafuasi wake wakaongozwa na Brigham Young hadi bonde la Salt Lake mwaka 1847. Mwaka 1978 liliondoa kizuizi kilichowanyima Weusi ukuhani, na mwaka 1991 likatambuliwa na serikali ya Kenya. Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000, na makusanyiko yake yapo Chyulu na vilima vya Kilungu, eneo lilelile ambako Scott aliweka mojawapo ya vituo vyake vinne. Tofauti za mafundisho kati yake na AIC ni kubwa, lakini yote mawili yaliota Marekani katika karne ya 19 na kusimama Makueni kwa sababu wenyeji waliyachukua na kuyaendesha.

Kutoka misheni hadi kanisa

Mwaka 1943 makanisa yaliyotokana na misheni yalichukua rasmi jina la Africa Inland Church. Jina lilitangulia, mamlaka yakafuata polepole. Kwa karibu miaka 30 misheni na kanisa zilikaa bega kwa bega, misheni ikimiliki ardhi, majengo, hospitali na fedha za kigeni, kanisa likiwa na waumini, wachungaji na wazee.

Hatua moja muhimu ilikuwa elimu ya wachungaji. Mwaka 1962 Scott Theological College ilifunguliwa Machakos, ikapewa jina la mwanzilishi. Chuo hicho kilipata hati ya kuwa taasisi ya chuo kikuu mwaka 1997 na sasa ni Scott Christian University. Wachungaji wengi wa AIC wa Makueni na Kitui wamepitia hapo.

Hatua ya pili ilikuwa makabidhiano ya tarehe 16 Oktoba 1971, ambapo Africa Inland Mission iliweka kazi yake nchini Kenya chini ya AIC, pamoja na mali. Wamisionari waliobaki walifanya kazi kwa mwaliko wa kanisa. Aliyeongoza kanisa wakati huo alikuwa Wellington Mulwa, Mkamba, ambaye alikuwa kiongozi wa kwanza wa AIC kuitwa askofu. Alisisitiza kanisa lijitegemee kwa fedha na watu wake lenyewe, akalitumikia hadi kifo chake mwaka 1979. Ezekiel Birech alimfuata. Kanisa lilikuwa pia na bodi yake ya umisionari, iliyotuma Wakenya kuhubiri miongoni mwa jamii za kaskazini mwa nchi.

Wilaya ya Machakos ya kikoloni imegawanyika, Makueni ikawa wilaya yake mwaka 1992 na kaunti mwaka 2013, na vituo vya zamani vimekuwa miji midogo yenye shule, zahanati na masoko. Shule ya Upili ya Mukaa, shule za Mbooni na Mulango, na mamia ya shule za msingi zilizoanzia katika nyumba za nyasi zimewasomesha watu wa dini na madhehebu yote. Mwaka 2025 kazi iliyoanzia Nzaui ilitimiza miaka 130. Vifo vya miaka ya kwanza vinastahili kukumbukwa, lakini havikutosha kujenga kanisa. AIC ilisimama katika Makueni na Kitui kwa sababu ya walimu wa vijijini ambao hawakulipwa au walilipwa kidogo, wazazi waliotoa viwanja na miti, na wazee wa kanisa walioendelea kukusanyika Jumapili mmisionari awepo au asiwepo. Historia yoyote ya kanisa hili inayoandikwa Ukambani inapaswa kuwatanguliza hao, na makanisa ambayo bado yana wazee wanaowakumbuka kwa majina yanafaa kuyaandika majina hayo mapema.